Ndama Anayepata Nafuu Kisha Anarudia Kuugua: Namna ya Kutafuta Chanzo

Ndama kachomwa OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini), kesho yake kachangamka na maziwa kamaliza. Wiki mbili baadaye yuko palepale: nywele zimesimama, kikohozi kimerudi, ndoo anaiacha nusu. Anachomwa tena, safari hii dawa nyingine aliyoisifia muuza duka. Nafuu, kisha kurudia. Miezi mitatu ikipita, wenzake wa rika moja wamemwacha kimo, na yeye ana tumbo kubwa na mgongo uliotoka mifupa.

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Rungwe, Njombe na Kilimanjaro wanamjua mnyama huyu, na ng'ambo ya mpaka, Kiambu na Nyandarua, wanamjua vilevile. Swali la kwanza huwa: dawa gani ina nguvu zaidi? Liweke kando. Ugonjwa wa bakteria ukishakuwa sugu maana yake bakteria wamepata makao: jipu ndani ya ini, usaha kwenye kiungo, kipande cha pafu kilichokufa, sikio la ndani. Dawa husafiri na damu, na pale walipo damu haifiki vizuri. Kwa hiyo tafuta kwanza wamekaa wapi. Bila hilo utakuwa unabadilisha chupa tu.

Maelezo haya ni kwa ndama tangu siku za mwanzo hadi mtamba wa mwaka mmoja hivi. Mengi unaweza kuyaangalia mwenyewe kwa mikono, kipimajoto na daftari. Penye kazi ya daktari wa mifugo nimesema.

Je, kweli ni bakteria?

Pima joto asubuhi kabla jua halijapanda, saa ileile kila siku, siku tano mfululizo, na uandike. Ndama mzima huwa kati ya nyuzi 38.5 na 39.5. Mwenye ugonjwa sugu mara nyingi hapandi hadi 41, leo 39.7, kesho 39.2, keshokutwa 40. Kipimo kimoja hakikuambii kitu, ila mstari wa siku tano unakuambia. Kisha hesabu pumzi akiwa amelala kivulini, kwa kutazama ubavu unavyopanda na kushuka. Zikizidi 40 kwa dakika na hali ya hewa ni ya baridi, mapafu yana neno.

Sasa ondoa wale wanaofanana. Wa kwanza kwa huku kwetu ni ndigana kali. Pitisha vidole chini ya sikio na mbele ya bega: tezi zilizovimba kama yai, homa ya 40 hadi 42, na baadaye kuhema na povu puani ni dalili za ugonjwa unaoletwa na kupe wa masikio ya kahawia. Kimelea chake si bakteria. OTC haimponyi ndama aliyekwisha kuugua ndigana kali. Dawa yake ni bupavakoni, na uthibitisho ni maji ya tezi yaliyopakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini. Kinachowachanganya watu ni kwamba chanjo ya ndigana kali hutolewa pamoja na OTC ya muda mrefu siku ileile, wakadhani OTC ndiyo tiba. Si tiba.

Ndigana baridi ni habari tofauti, maana yenyewe husababishwa na bakteria wanaoishi ndani ya chembe nyekundu za damu, na OTC inawapunguza. Lakini ndama wa chini ya miezi sita kwa kawaida haiugui vibaya. Ukimwona ndama wa miezi miwili amepauka ufizi, hesabu kupe na minyoo kwanza.

Ndama anayechungwa kwenye majani mabichi na kukohoa bila homa huenda ana minyoo ya mapafu. Kinyesi chake kinapimwa kwa njia inayowatoa viluwiluwi, wala si ile ya kawaida ya kutafuta mayai. Anayehara damu na kujikamua mkia ukiwa juu, umri wiki tatu hadi miezi sita, mfikirie koksidia, vimelea wadogo wa utumbo.

Na kuna njaa. Ndama wa kilo 40 anayepewa lita mbili kwa siku kwa sababu maziwa yana soko hana ugonjwa wa ajabu: anakula nusu ya kiwango cha chini kabisa. Anakonda, kinga inashuka, ndipo bakteria wanaingia. Utamtibu nimonia na itarudi, maana mlango uko wazi.

Kitovu: anzia hapa hata kama ana miezi miwili

Kama ningeruhusiwa kugusa sehemu moja tu ya ndama sugu, ningegusa kitovu. Kamba ya kitovu ina mshipa unaokwenda mbele hadi kwenye ini, mishipa miwili inayorudi nyuma kuelekea kibofu, na mrija wa mkojo unaoingia kwenye kibofu chenyewe. Kwa siku za kwanza hiyo ni njia ya wazi kutoka kwenye matandiko machafu hadi ndani ya tumbo. Kinachopoteza wengi ni kwamba nje kitovu kinaweza kukauka na kuota manyoya, kumbe ndani kamba imejaa usaha.

Namna ya kupapasa: ndama asimame, mtu amshike kichwa. Piga goti ubavuni, mkono mmoja kila upande wa tumbo, vidole vimenyooka, na uvikutanishe polepole juu ya kitovu kama unayetaka kushika kamba iliyo ndani ya gunia. Ngoja atoe pumzi ndipo ubonyeze. Kwa ndama mzima hushiki kitu, au unashika uzi mwembamba usiouma. Ukishika kitu kinene kama kidole gumba, kigumu, naye anainua mgongo au anapiga teke, fuata kinaelekea wapi. Kikienda mbele kuelekea mbavu za kulia, wasiwasi ni ini. Kikirudi nyuma kuelekea miguu ya nyuma, wasiwasi ni kibofu, na huyo mara nyingi hukojoa kidogokidogo huku ameinua mkia.

Uvimbe wa nje nao una maana mbili. Ngiri ni laini, inarudi ndani ukiisukuma, na kidole kinagusa pete ya tundu kwenye ukuta wa tumbo. Jipu ni gumu au linatota, lina joto, linauma, halirudi. Ila vyote viwili vinaweza kuwa pamoja, na ndiyo maana usipasue uvimbe wa kitovu kwa wembe. Utumbo ukiwa ndani umemwua. Daktari atachoma sindano kwanza aone kinachotoka.

Jipu la ini halina dalili ya kujitangaza. Ndama anakula nusu, anakua polepole, joto linapanda na kushuka, kila mtu anasema "mbegu yake mbaya." Hapa ultrasaundi inasaidia sana, na si lazima iwe mashine ya hospitali: kile kifaa cha mkononi ambacho mpandishaji hutumia kupima mimba kinaweza kuonyesha kamba nene ya kitovu, na hata mapafu, ukilowesha manyoya kwa spiriti. Waulize wapandishaji wa eneo lako. Wengi hawajawahi kuombwa.

Bakteria wanaopatikana humo ni wa kinyesi na ngozi: E. coli, streptokoka, na yule mtengeneza majipu anayeitwa Trueperella pyogenes. Wengi wao penisilini ingewaweza kama ingewafikia. Kamba iliyojaa usaha mara nyingi inahitaji kuondolewa kwa upasuaji, na inapona vizuri ikifanywa kabla ini halijaguswa.

Kwa ndama wanaozaliwa kesho: kikombe kidogo, tinkcha ya ayodini ya asilimia 7, kitovu kizame chote ndani ya nusu saa ya kuzaliwa. Kupuliza upande mmoja hakutoshi.

Kiungo kimevimba, anachechemea

Gusa goti la mguu wa mbele, kifundo kikubwa cha nyuma, na goti la nyuma karibu na paja. Ukikuta vimevimba viwili au zaidi kwa ndama wa chini ya miezi miwili, rudi kwenye kitovu: bakteria walipita kwenye damu. Kikiwa kimoja tu, tafuta kidonda au kugongwa, ingawa nacho kinaweza kuwa kimetoka kitovuni.

Daktari atanyoa, atasafisha na kuvuta maji ya kiungo kwa sindano safi. Maji mazuri ni ya manjano mepesi, angavu, yanavutika kama uzi kati ya vidole viwili. Yaliyooza ni mawingu, mepesi, yana vipande. Kinachoamua hapa ni siku. Kiungo kilichooshwa kwa maji ya chumvi safi na kupewa dawa ndani ya siku chache za mwanzo kina nafasi nzuri. Cha wiki tatu kimeshaliwa gegedu, na hata bakteria wakifa ndama atabaki kilema. Mpe pia dawa ya maumivu, meloksikamu kwa mfano. Asiyeweza kusimama hanyonyi, na asiyenyonya haponi.

Kuchoma kiungo kwa chuma cha moto bado kunafanyika sehemu nyingi. Usaha uko ndani ya kifuko, moto unaishia kwenye ngozi. Unamwongezea ndama kidonda cha pili.

Hapa pana tahadhari moja kubwa. Homa ya mapafu ya ng'ombe, ile ya kuambukiza iliyorudi Tanzania mwaka 1990, kwa ndama wadogo mara nyingi hujionyesha kwenye viungo kuliko kwenye mapafu. Ndama wa miezi minne mwenye magoti yaliyovimba, na ng'ombe wakubwa wa hapo au wa jirani wanakohoa na kukonda, hasa kama kuna mnyama mgeni aliyenunuliwa mnadani: usitibu kimyakimya. Huo ni ugonjwa wa kutolewa taarifa kisheria. Mwite afisa mifugo, na mnyama yeyote asitoke.

Kikohozi kisichokwisha

Nimonia ya ndama huanza kwa virusi, vumbi au baridi, kisha bakteria waliokuwa wanakaa puani kwa amani wanashuka: Pasteurella multocida, Mannheimia haemolytica, na mara nyingi Mycoplasma bovis. Wanaanzia sehemu ya mbele na chini ya mapafu. Ndiyo maana wanaosikiliza juu ya mbavu za katikati wanasema "mapafu safi." Weka kifaa cha kusikilizia, au sikio lako, nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, kisha usukume mguu mbele uende ndani zaidi. Nimonia mpya ina mikwaruzo na miluzi. Ile sugu inaweza kuwa na ukimya: pafu limekuwa gumu, hewa haiingii, hakuna cha kusikia. Ukimya huo chini, na sauti nzito juu yake, ni ishara mbaya kuliko kelele.

Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kilitengeneza kipimo rahisi ambacho kinafaa popote. Unatoa alama 0 hadi 3 kwa joto, kikohozi, ute wa pua, na macho au masikio, lile lililo baya zaidi kati ya hayo mawili. Jumla ya 5 au zaidi, huyo anatibiwa. Ya 4, anaangaliwa tena. Faida yake kwa ndama sugu ni kwamba unaweza kulinganisha wiki hii na iliyopita bila kutegemea kumbukumbu. Kikohozi kikiwa kigumu kusikika, mkimbize hatua ishirini kisha usimame umsikilize.

Chanzo cha nimonia inayorudi mara nyingi kiko bandani. Ingia asubuhi, piga goti, pua yako iwe usawa wa pua ya ndama aliyelala. Ukisikia ukali wa mkojo unaochoma macho, hiyo ndiyo hewa anayovuta usiku kucha, na inaua vijinywele vinavyosukuma uchafu nje ya mapafu. Ukiwa umesimama wima huwezi kuisikia. Banda lililozibwa kwa maturubai pande zote "asipate baridi" ni baya kuliko lenye upepo juu na matandiko makavu mazito chini.

Chanzo kingine hakisemwi: kunywesha dawa kwa chupa. Kichwa kikiinuliwa juu na dawa ya minyoo au mafuta yakamiminwa kwa haraka, sehemu inaingia kwenye njia ya hewa. Nimonia ya namna hiyo huanza siku moja au mbili baada ya kunyweshwa, pumzi hunuka uozo, na haiponi kwa urahisi. Uliza nani alimnywesha nini, lini.

Kuhusu maikoplasma nitakaa kidogo, maana ndiye anayekula pesa za watu. Bakteria huyu hana ukuta wa seli. Penisilini na ndugu zake huua kwa kuharibu ukuta huo, kwa hiyo kwake ni sawa na maji. Mfugaji anayechoma mchanganyiko wa penisilini na streptomaisini wiki nzima bila mabadiliko yoyote, na ndama ana kikohozi pamoja na kiungo kilichovimba au sikio lililoanguka, amfikirie yeye. Dawa za kundi la tailosini na tulathromaisini, florfenikoli, au tetrasaiklini huchaguliwa hapa, na daktari ndiye wa kuchagua, kwa sababu usugu upo. Mara nyingi ndama humpata kwa maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele. Yale maziwa yanayokataliwa na kituo cha kukusanyia, tunayowapa ndama ili yasipotee, ndiyo njia yenyewe. Yachemshe, au yashikilie nyuzi 63 kwa dakika 30. Yaliyo na dawa usimpe kabisa.

Kuna kelele nyingine ambayo si ya mapafu: ndama anavuta pumzi kwa mkoromo unaosikika mbali, shingo ameinyoosha, kinywa kinanuka. Washa tochi mdomoni. Ukiona kidonda chenye utando wa manjano kwenye shavu au ulimi, hiyo ni dondakoo ya ndama. Inashika pia sanduku la sauti. Penisilini mapema inafanya kazi nzuri. Ikichelewa, kovu linabaki na mkoromo unabaki nalo.

Sikio moja limeanguka

Sikio lililoinama upande mmoja, kichwa kimepinda, jicho la upande huo halifumbi vizuri, maziwa yanatoka pembeni mwa mdomo: huo ni usaha katika sikio la kati, na kwa ndama wa wiki tatu hadi nane maikoplasma huwa wa kwanza kushukiwa. Angalia kwanza kama si kupe tu au upele ndani ya sikio. Matibabu ni ya wiki, si ya siku tatu. Wakiwa wawili au watatu katika banda moja, shida iko kwenye maziwa wanayopewa.

Anahara na kukonda

Salmonela anayeitwa Dublin hukaa ndani ya ng'ombe wakubwa wasio na dalili na kuwashukia ndama: homa, kuhara, kikohozi, viungo, na kwa anayedumu nao, ncha za masikio au mkia kukauka na kukatika. Ukiona ncha za masikio zimekufa kwa ndama aliyewahi kuhara na kuwa na homa, hiyo peke yake inatosha kupeleka kinyesi maabara. Huambukiza watu. Mtoto anayelisha ndama huyo anawe mikono kwa sabuni, na nyumbani maziwa mabichi yasinywewe.

Watu wengi wakisikia kuhara kusikokoma hutaja paratuberkulosisi, ugonjwa wa Johne. Ni kweli ndama ndiye anayeambukizwa, kwa kinyesi na maziwa ya mama, lakini dalili huja akiwa mkubwa, mara nyingi baada ya miaka miwili na kuendelea. Ndama wa miezi mitano anayehara ana sababu nyingine karibu kila mara. Kumpima damu yake kutafuta ugonjwa huo ni kutupa pesa, kwani jibu litakuwa hana hata kama anao. Mpime mama.

Kifua kikuu

Ndama hukipata hasa kwa maziwa ya mama mgonjwa, na tezi za tumbo na koo ndizo zinazovimba mwanzo. Dalili za nje huchelewa. Kipimo ni cha ngozi: daktari ananyoa shingo sehemu mbili, anapima unene wa ngozi, anachoma tuberkulini (protini za bakteria wa kifua kikuu), ya ng'ombe na ya ndege, kisha anarudi baada ya saa 72 na kupima tena. Uvimbe wa upande wa ng'ombe ukizidi ule wa ndege kwa zaidi ya milimita 4, ana maambukizi. Usimruhusu mtu asome kesho yake au kwa kukadiria kwa jicho. Ng'ombe aliyetoka kuzaa anaweza kuonyesha jibu la uongo kuwa hana, kwa hiyo jibu zuri la mama wa wiki mbili baada ya kuzaa halikusafishii ndama. Ng'ombe mwenye kifua kikuu hatibiwi.

"Dawa haifanyi kazi"

Kabla ya kusema bakteria ni sugu, hesabu dozi. Kuna OTC ya asilimia 10 na ya asilimia 20, chupa zinafanana. Ile ya 20 ya muda mrefu kwa kawaida ni mililita 1 kwa kilo 10. Ukitumia ya 10 kwa hesabu hiyo na kungoja siku tatu, umempa nusu ya kiasi na kuiacha iishe mwilini katikati ya safari. Uzito nao hukadiriwa vibaya, hasa wa mtamba mkubwa. Utepe wa kupimia kifua, nyuma ya miguu ya mbele, unakupa kilo kwa makosa madogo.

Kuacha mapema ni kosa la pili. Ndama akila vizuri siku ya tatu, chupa inarudi kabatini. Kwa kamba ya kitovu au pafu lenye majipu, daktari atapanga wiki mbili au zaidi. Kama huwezi kumudu wiki mbili, ni afadhali kusema mwanzoni na kuamua jambo jingine, kuliko kununua siku tatu mara sita.

Kosa la tatu ni "sindano ya nguvu." Baadhi ya sindano zinazomfanya ndama aamke na kula siku ileile zina deksamethasoni. Joto linashuka, hamu inarudi, na kinga inalala. Siku ya nne ugonjwa unarudi ukiwa na nguvu. Soma lebo, kama jina hilo lipo na anayekuchomea hana maelezo, kataa. Na chupa iliyokaa dirishani pa duka ikipigwa jua tangu masika usitarajie miujiza.

Kupeleka sampuli

Pamba ya puani inadanganya. Ndama wazima nao wana pastorela puani, kwa hiyo jibu "imepatikana pastorela" halikusaidii. Sampuli inayofaa inatoka palipooza: maji ya kiungo, usaha uliovutwa ndani ya jipu ambalo halijapasuka, maji yaliyooshwa kwenye koo la hewa. Ichukuliwe kabla ya dawa mpya kuanza. Weka kwenye kibaridi chenye barafu, isigande, ifike ndani ya siku moja. Andika umri, dawa zote alizopata na tarehe, na useme waziwazi kama unataka maikoplasma atafutwe. Haoti kwenye chakula cha kawaida cha maabara na asipoombwa hatafutwi. Tanzania kuna Wakala wa Maabara ya Veterinari, makao yake Temeke, na vituo vya Arusha, Iringa, Mwanza na Tabora miongoni mwa vingine. Kenya kuna Kabete, na maabara za kanda kama Nakuru, Karatina na Mariakani.

Damu nayo inasema. Protini yote ikiwa juu huku albumini, aina mojawapo ya protini hizo, iko chini, mwili umepigana kwa muda mrefu mahali fulani. Kwa ndama wa siku 1 hadi 7, protini ya seramu chini ya gramu 5.2 kwa desilita, kwenye kifaa kidogo cha kutazamia mwanga, inaonyesha dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, haikumfikia ya kutosha. Usitumie kipimo hicho kwa ndama wa miezi miwili: ugonjwa wenyewe unapandisha protini, na utaamini alinyonya vizuri.

Wakati wa kuacha kutibu, na akifa

Viungo viwili vilivyokakamaa, pafu lililonyamaza pande zote mbili, au jipu la ini lililoonekana kwa ultrasaundi: mtamba wa namna hiyo hata akiishi atafika umri wa kupandishwa akiwa amechelewa na mdogo. Gharama ya kumweka ni chakula cha mwingine. Mpaka aondoke, mtenge, awe wa mwisho kulishwa na ndoo yake isichanganywe. Akichinjwa, siku za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa ya mwisho zihesabiwe, na mkaguzi wa nyama amwone.

Akifa mwenyewe, mfungue, au daktari amfungue. Isipokuwa amekufa ghafla na damu inatoka puani au nyuma: huyo usimguse wala kumchuna, inaweza kuwa kimeta. Kwa wengine, vaa glavu, anza na kitovu kwa ndani na ufuate kamba hadi kwenye ini. Kata ini vipande vyembamba. Bonyeza mapafu sehemu ya mbele. La kawaida ni laini kama sifongo, lililooza ni gumu kama ini na likikatwa linatoa usaha au chembechembe kama jibini. Fungua kila kiungo, hata kisichovimba. Chukua kipande cha pafu pale ambapo kibaya kinakutana na kizima, ndipo bakteria hai walipo. Na wiki hiyohiyo, ndama yeyote atakayezaliwa katika banda hilo achukuliwe damu kabla hajatimiza siku saba ipimwe protini, maana aliyekufa hawezi tena kukuambia kama alipata dang'a.